Kigoma tunauza maharage hadi Dar, mbona watoto wetu wanashinda shule na njaa?

#1 NjiaPanda_Kasulu

Mwakeye wakuu. Naomba tujadili bila matusi na bila vyama.

Kasulu, Buhigwe, Kibondo, Kakonko: msimu wa maharage ukifika fuso zinapanga foleni. Muhogo upo, ndizi zipo, mahindi yapo, mawese yapo, dagaa wako hapo chini Ujiji. Sasa ingia shule yoyote ya msingi ya kutwa huku vijijini saa saba mchana. Utakuta la tano na la sita wamelalia madawati, wengine wametoroka wako kwenye miwa ya watu. Mtoto ametoka nyumbani alfajiri na chai ya rangi, pengine hata hiyo hakupata, na atarudi saa tisa alasiri.

Na mimi nimekua nikiona malori ya chakula cha msaada yakipita kwenda Nyarugusu, tangu kambi ifunguliwe 1996. Sisemi wakimbizi wanyimwe, msinipakazie. Ninachouliza ni hiki: chakula cha serikali kwa shule na kwa wenye shida kinagawiwa kwa vigezo gani hadi sisi tukione kinapita tu? Dodoma na Singida wenzetu walipikiwa uji mashuleni miaka mingi. Sisi tulikosa nini?

#2 Dagaa_Mkavu

Nimewahi siti ya dirishani. Ngoja waje wenye mkoa wao.

#3 Mwalimu_Chaki

Mkuu NjiaPanda, mlikosa ukame. Ndiyo jibu fupi.

Mpango wa Chakula kwa Elimu wa WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ulioanza 2000 ulilenga maeneo ya mvua haba: Dodoma, Singida, Arusha, Shinyanga, baadaye Manyara. Kigoma kwenye makaratasi ni mkoa unaojitosheleza kwa chakula. Ukijitosheleza unasifiwa kwenye hotuba, basi. Mkoa kuwa na ziada hakumaanishi kila kaya ina ziada, lakini ramani ya msaada inachorwa kwa mikoa na wilaya, haiingii jikoni kwa mtu.

Tena huo mpango ulitegemea wafadhili. Walipopunguza mkono, majiko mengi huko Dodoma yalizimika. Kwa hiyo msiwaonee sana wivu.

#4 Kichwa_Ngumu

Porojo. Elimu ni bure, na bure ni bure. Serikali ilete chakula, mzazi asiguswe. Mkishaanza "debe moja kwa kila mzazi" mnarudisha ada kwa mlango wa nyuma.

#5 Mtunza_Stoo

Kichwa_Ngumu, soma waraka kabla ya kupiga kelele. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, uliofanya kazi kuanzia Januari 2016, ulifuta ada na michango ya lazima. Chakula ambacho serikali ilikibeba ni cha bweni, Sh 1,500 kwa mwanafunzi kwa siku. Cha kutwa haikukibeba.

Shule ya msingi inahesabiwa Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa MWAKA. Humo 4,000 ni ya vitabu, haipiti shuleni. Inayofika ni 6,000, nayo ina kazi zake: chaki, mitihani, ukarabati, michezo, uendeshaji wa ofisi. Toa humo maharage tuone.

Kilichotokea ni kwamba wanasiasa waliogopa neno "mchango" kama ukoma. Mwalimu mkuu aliyethubutu kukusanya mahindi 2016 alikuwa anaandikiwa barua ya kujieleza. Shule zilizokuwa zinapika vizuri kabisa zikaacha. Baadaye ukaja Mwongozo wa kitaifa wa 2020 wa huduma ya chakula na lishe kwa wanafunzi wa elimumsingi, unaosema wazi kwamba wazazi na jamii wana sehemu yao. Lakini mtu akishazoea kutotoa, kumrudisha ni kazi.

#6 Kichwa_Ngumu

Kwa hiyo tatizo ni wazazi? Serikali haina kosa? Sawa bwana.

#7 Babu_wa_Urambo

Wajukuu, mimi nimesoma enzi shule ina shamba. Baada ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967 kila shule ilikuwa na jembe. Tulilima mahindi, karanga, viazi. Huku kwetu Unyamwezini ukikosa kabisa una michembe mfukoni au matobolwa, viazi vitamu vya kukausha, unatafuna kimyakimya mwalimu akigeukia ubao.

Miaka ya sabini katikati, njaa ilipopiga nchi, tulikula bulga, ile ngano ya msaada, na yale mahindi ya njano. Unga wa Yanga. Ugali unang'aa kama jezi. Chakula cha serikali tumekijua zamani, lakini kilikuja na njaa na kikaondoka na njaa. Hakikuwahi kuwa cha kudumu.

#8 Dagaa_Mkavu

Shikamoo mzee. Kumbe Yanga imelea taifa hili na bado watu wana roho mbaya nayo 😂

#9 Mnyama_Damu

#8 umesahau kusema yalikuwa ya msaada. Timu yenu na misaada ni damu moja.

#10 Mha_wa_Ughaibuni

Mzee wa Urambo kanikumbusha mbali. Niongeze kidogo kuhusu hiyo bulga, maana niko Marekani na kazi yangu iko karibu na mambo haya.

Chakula kingi cha namna ile kilikuwa kinatoka huku chini ya sheria ya 1954 waliyoiita Public Law 480. Wakulima wao walikuwa wanavuna kuliko soko linavyomeza, bei zinaanguka, serikali inanunua ziada na kuitafutia pa kwenda. Nyingine inavuka bahari, nyingine inaliwa hapahapa. Sheria yao ya chakula cha mchana shuleni ya 1946, aliyoisaini Truman, imeandikwa waziwazi ina malengo mawili: afya ya watoto NA soko la mazao ya wakulima. Mpaka leo shule inapewa fedha kwa kila sahani, na juu yake inapata vyakula vyenyewe vilivyonunuliwa na wizara ya kilimo. Maskini na wazee nao wana mafungu yao. 1981 Reagan alifungua maghala ya jibini iliyokuwa inakaribia kuoza, watu wakapanga foleni kugawiwa matofali ya jibini.

Nimesema hivyo kwa sababu ya bandiko namba moja. Swali lako linauliza kwa nini hatupewi. Mimi ningeuliza kwa nini serikali yetu haiwi mteja wa maharage ya Kasulu kwa ajili ya shule za Kasulu. Brazil walitunga sheria 2009 iliyotaka angalau asilimia 30 ya fedha ya serikali kuu ya chakula cha shule inunue kwa wakulima wadogo. Mkulima anajua kabla ya kupanda kwamba soko lipo mita mia tano.

#11 Mtunza_Stoo

#10 wazo zuri, ila hiyo asilimia 30 ni ya fedha iliyopo. Sisi asilimia 30 ya sifuri ni ngapi?

#12 Dalali_wa_Kibondo

Jina langu linajieleza, mnipige mawe taratibu.

Hakuna aliyesema ukweli wa shambani. Maharage mengi yanauzwa kabla hayajakauka vizuri. Januari mkulima ana deni la mbegu, deni la sare za shule, deni la hospitali. Mimi au mwenzangu anampa fedha, tunakubaliana gunia. Siku ya kuvuna napakia. Kinachobaki nyumbani ni cha mboga ya wiki chache na mbegu. Miezi sita baadaye huyohuyo ananunua maharage dukani kwa sado, bei imepanda. Sasa mwalimu anamwambia alete kilo sita shuleni. Atoe wapi? Yeye ni mkulima, lakini mzigo si wake tena.

Ndiyo maana mnaona foleni ya fuso na mtoto mwenye njaa kijiji kimoja. Siyo maajabu.

#13 Mama_Wawili_Ujiji

Dalali umesema ukweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba anayelima ni mama na anayepatana na wewe ni baba. Uliwahi kupatana na mwanamke? Fedha ikitoka, pikipiki inanunuliwa, mke wa pili anaolewa, mtoto anaambiwa "vumilia". Mkutano wa shule ukiitishwa wanaokuja ni akina mama. Wanakubali kutoa debe wakijua funguo za stoo ya nyumbani hawana. Wakirudi nyumbani, kimya. Halafu mnasema wazazi hawatekelezi makubaliano.

#14 Dalali_wa_Kibondo

Mama umenimaliza. Sina jibu.

#15 Binti_Isevya

Mwangaluka wadau. Tabora tumo humuhumu, msijifanye mko peke yenu mwisho wa reli.

Kwetu zao ni tumbaku. Urambo, Kaliua, Sikonge, Uyui: mashamba mazuri na nguvu za watu vinakwenda kwenye tumbaku, mahindi yanapewa kilichobaki. Malipo ya tumbaku yakichelewa, na huchelewa, nyumba nzima inasubiri. Upande wa Igunga na Nzega ni ukame na mpunga wa kubahatisha, huko ndiko mahindi ya njaa yalikokuwa yanafika.

Na kuna jambo la umbali. Huku vitongoji vimetawanyika, mtoto anatembea mwendo mrefu kupita porini. Akikosa chakula mchana harudi kesho, anabaki kuchunga. Mwaka shule moja ya jirani ilipoanza kupika uji, darasa la kwanza lilijaa hadi nje. Mahindi yalipoisha Aprili, lilipungua. Mwalimu hakuhitaji utafiti kujua kilichotokea.

#16 Kichwa_Ngumu

Sasa mahindi ya njaa si yapo TAMISEMI kwenye yale maghala makubwa? Yanayooza kila mwaka? Yagawiwe shule!

#17 Karani_wa_Mizani

Kichwa_Ngumu hebu tulia. Maghala ni ya NFRA, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, na NFRA iko Wizara ya Kilimo. Ilianza 2008 kurithi kazi ya ile hifadhi ya taifa ya nafaka, ambayo nayo ilitokana na Shirika la Usagishaji la zamani. Nimefanya kazi ya vibarua kwenye mizani ya ununuzi kwa misimu kadhaa, nawaeleza nilichoona.

NFRA kazi yake ni akiba. Inanunua sana mahindi, halafu mpunga na mtama. Inatoa kwa njia kuu tatu: inauza sokoni kupoza bei, inauza kwa taasisi kama magereza, WFP na nchi jirani, na inatoa kwa maafa. Hiyo ya maafa haianzii ghalani, inaanzia kijijini. Kijiji kinaandika, wilaya inafanya tathmini, mkoa unapeleka, Ofisi ya Waziri Mkuu inaidhinisha. Ndipo lori linawashwa. Miaka ya nyuma sehemu kubwa ya hayo mahindi iliuzwa kwa bei nafuu, kuna kipindi ilikuwa Sh 50 kwa kilo, na sehemu ndogo ndiyo ilitolewa bure kwa wasiojiweza kabisa: wazee, wajane, walemavu.

Sasa patamu ni hapo kwenye kugawa. Orodha inasema kaya 60 na magunia yanatosha kaya 60. Mkutano wa kijiji unasema "sote tuna njaa", wanagawana sawa kwa sawa, kila nyumba inapata bakuli chache. Mtendaji akikataa anaonekana mchawi. Nimeona kwa macho. Si wizi, ni ujamaa wa njaa. Lakini yule bibi ambaye orodha ilimlenga anaondoka na kilo mbili.

Kwa shule za kutwa hakuna mkondo wa NFRA. Huo ndio ukweli wa kimfumo. Siyo kwamba Kigoma imenyimwa, mlango wenyewe haujatobolewa.

#18 NjiaPanda_Kasulu

Asante Karani, hili ndilo nililokuwa nalitafuta. Lakini mbona WFP wao wananunua mahindi yetu NFRA na kuyaleta kambini? Yaani mahindi ya Tanzania yanaingia Kasulu kwa mgongo wa Umoja wa Mataifa, yanapita shule ya kijiji, yanakwenda kambini.

#19 Mpishi_wa_Kambi

#18 niruhusu. Nimefanya kazi ndani ya kambi, si kama mkubwa, nilikuwa kwenye mgao.

Kwanza wakimbizi hawaruhusiwi kulima wala kutoka kwenda vibarua kama wewe. Mgao ndiyo shamba lao. Unga wa mahindi, jamii ya kunde, mafuta, chumvi, unga wa lishe. Pili huo mgao usiufikirie umejaa. 2017 ulikatwa, 2023 ulikatwa tena hadi kufika nusu kuanzia Juni. Mama ana watoto watano anapewa nusu, na mwisho wa mwezi hausogei. Tatu, kuna wakati Nyarugusu walijaribu kuwapa wakimbizi fedha badala ya chakula. Ilianza Desemba 2016, ikasitishwa 2017. Wakati ule wafanyabiashara wa Makere na Kasulu walicheka, fedha ilikuwa inaingia sokoni kwenu.

Kwa hiyo malori unayoyaonea wivu yalikuwa yanapunguza mzigo miaka yote hii.

#20 Kijana_wa_Mwandiga

Lakini kambi ziko Nyarugusu, Nduta na Mtendeli, zote tatu mkoa wetu. Vijiji jirani kuni zimeisha. Hilo halisemwi.

#21 Mpishi_wa_Kambi

Mtendeli ilifungwa 2021, watu wakahamishiwa Nduta. Kuhusu kuni uko sahihi, na hapo sina ugomvi.

#22 Mwl_Mstaafu_Heru

Nimewasoma wote. Vijana mnazungumza mahindi na maharage kana kwamba mahindi yanajipika. Niwape hesabu niliyokuwa naipiga ubaoni kwenye vikao vya wazazi.

Chukua gramu 120 za mahindi na gramu 30 za maharage kwa mtoto kwa siku. Siku za masomo kwa mwaka ni 194. Mahindi ni kilo 23 na ushee, maharage hayafiki kilo 6. Yaani debe na kidogo la mahindi, na maharage ya kujaza ndoo ndogo. Mzazi akisikia hivyo anasema "kumbe!" Haogopi tena.

Sasa zidisha kwa shule ya watoto 800. Kila siku kilo 96 za mahindi na 24 za maharage. Kwa mwaka ni tani 18 na nusu za mahindi na zaidi ya tani nne na nusu za maharage. Mahindi pekee ni magunia zaidi ya 180 ya kilo mia. Stoo iko wapi? Shule nyingi stoo ni kona ya ofisi ya mwalimu, juu ya sakafu ya udongo, paa linavuja. Dumuzi wanakula kabla ya mtoto. Usipokausha vizuri unaotesha ukungu, na mahindi yenye sumukuvu si mchezo, 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa.

Halafu maji. Kande za kilo 96 zinataka maji ya mapipa na moto wa masaa. Shule haina bomba, watoto wanakuja na vidumu. Kuni, kila mtoto kijiti kimoja. Na sasa serikali inataka taasisi zinazolisha watu zaidi ya mia ziache kuni na mkaa. Nakubaliana nayo kwa ajili ya misitu, lakini jiko la gesi la watoto 800 nani analinunua? Mpishi naye analipwa na nani? Nimekuwa mwalimu mkuu na suala lililoniua si mahindi. Ni mpishi. Akidai mshahara wake wazazi wanasema "si anakula hapohapo?"

#23 Mama_Wawili_Ujiji

Shikamoo mwalimu. Hapo kwa mpishi umenigusa. Mama mmoja na sufuria la lita mia, moshi tangu saa kumi na moja alfajiri, malipo yake ukoko.

#24 Kijana_wa_Mwandiga

Mwalimu hesabu yako nzuri ila umehesabu mtoto mmoja. Kigoma hii? Nyumba ina watoto wanne shuleni. Hiyo ni kilo 93 za mahindi, karibu gunia zima, na kilo 23 za maharage. Kwa nyumba moja. Mchango ukiwa kwa mtoto, mwenye wengi analia. Ukiwa kwa kaya, mwenye mmoja analia. Kijijini kwetu mkutano ulivunjikia hapohapo.

#25 Binti_Isevya

#24 sisi tulikubaliana kwa kaya na wenye watoto wengi wakaongeza siku za kazi kwenye shamba la shule. Ilikwenda msimu mmoja. Msimu wa pili wafugaji wakasema wao watoe maziwa, wengine wakasema maziwa hayahifadhiki, ikawa vurugu.

#26 Dagaa_Mkavu

Wafugaji wangetoa ng'ombe mmoja tu mambo yakaisha. Kande na nyama, mimi nahamia Uyui.

#27 Kichwa_Ngumu

Nyie mnahangaika na debe wakati kuna wizi. Nasema kwa uzoefu. Shule aliyosoma mdogo wangu tulitoa mahindi, watoto wakala uji mwepesi wa kuonea huruma, na magunia yakaonekana mashineni yakisagwa usiku. Ya nani? Hakuna aliyejibu. Mapato na matumizi hayakusomwa. Tangu hapo baba yangu hatoi hata punje, na simlaumu. Nyie walimu mnamwita mkaidi.

#28 Mtunza_Stoo

Leo kwa mara ya kwanza umeongea jambo. Dawa yake ipo na ni rahisi: ufunguo mmoja kwa mwalimu, wa pili kwa mjumbe wa kamati ya shule, leja ya kuingia na kutoka, bango la kila wiki ukutani. Pale kamati ina mama wawili wakali, hakuna kilo inayopotea.

#29 Kichwa_Ngumu

Na pale mwenyekiti wa kamati ni shemeji wa mwalimu mkuu?

#30 Mtunza_Stoo

Hapo mmeumia.

#31 Fundi_Lishe

Habari. Niseme kidogo upande wa lishe, maana wengi wanadhani shibe ndiyo mwisho.

Kitaifa asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa kwa takwimu za 2022. Udumavu unajengwa kabla mtoto hajafika shule, kwenye zile siku elfu moja za mwanzo. Uji wa darasa la tano hauwezi kuurudisha nyuma. Ndiyo maana mikataba ya lishe iliyosainiwa na wakuu wa mikoa tangu 2017 inazitaka halmashauri kutenga Sh 1,000 kwa kila mtoto chini ya miaka mitano. Fedha ya serikali ikiwa ndogo, inakwenda kwa wadogo kwanza. Huenda hilo nalo ni jibu la NjiaPanda: si kwamba mwenye miaka kumi amesahauliwa, amewekwa foleni ya pili.

Halafu sahani yenyewe. Muhogo na mahindi bila mboga, mafuta wala dagaa ni kujaza tumbo. Kigoma mna mawese mekundu, vitamini A imejaa humo, na dagaa mmewakalia. Kijiko kimoja cha mawese kwenye maharage ya mtoto kinafanya kazi kubwa. Kwa nini mchango ni mahindi na maharage tu?

#32 Dagaa_Mkavu

Dagaa tumewakalia wapi? 2024 ziwa lilifungwa kwa wavuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Miezi mitatu tulikula kisamvu tukitazama maji.

#33 Mama_Wawili_Ujiji

Hata likifunguliwa, bei ya dagaa wanaijua wa Dar na Lubumbashi. Sisi wa Ujiji tunanunua wale waliovunjika.

#34 Mtoto_wa_Kaya

Samahani, hamjataja kabisa TASAF, ule mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii. Serikali ilihama kutoka kwenye debe kwenda kwenye fedha. Mama yangu ni mlengwa. Anapokea, na sharti lake ni sisi kwenda shule na mdogo kupelekwa kliniki. Mimi naona chakula cha wenye shida kipo, kimebadilika sura tu. Shukrani kwa hayati JPM aliyeanzisha.

#35 Karani_wa_Mizani

#34 TASAF ni ya 2000, wakati wa Mkapa. Kunusuru kaya maskini ni 2012, Kikwete. Awamu ya pili ya mpango huo ndiyo ilizinduliwa 2020, Magufuli. Kila mtu na wake.

#36 Mwalimu_Chaki

Na fedha ya TASAF inakuja kwa awamu, tumbo halina awamu. Pia ina tabu moja: kijiji kikishajua fulani ni mlengwa, wanamwambia "wewe una serikali, toa debe mbili". Nimesikia hilo kikaoni mbele ya diwani, watu wakacheka. Mwenye shida ndiye anayedaiwa zaidi.

Mimi bado nasimama na sababu yangu ya kwanza, ramani. Lakini namsikia Dalali. Tungekuwa na utaratibu wa shule kununua au kupokea maharage Januari hiyohiyo kabla fuso haijafika, nusu ya kelele za humu zingekwisha.

#37 Mha_wa_Ughaibuni

#36 hapo ndipo ninaposema serikali iwe mteja. Kenya 2018 waliuchukua mpango wa chakula cha shule kutoka WFP wakaupa bajeti yao. Nairobi mtoto analipa shilingi tano za Kenya kwa sahani, serikali ya kaunti na washirika wake wanabeba kilichobaki. Hawakusubiri utajiri.

#38 Kijana_wa_Mwandiga

Nairobi ni jiji moja, lami mpaka jikoni. Njoo upeleke chakula shule ya kando ya ziwa kusini huko Uvinza, boti ndiyo barabara, halafu tuongee Nairobi.

#39 Mtunza_Stoo

Na ununuzi wowote wa serikali siku hizi unapita kwenye mfumo wa zabuni wa mtandaoni, NeST. Mkulima wa Heru Juu mwenye magunia matatu aanze kujisajili kama mzabuni, namba ya mlipakodi, simu janja, mtandao. Atakayeshinda ni mfanyabiashara wa mjini, naye atakwenda kununua kwa… Dalali_wa_Kibondo.

#40 Dalali_wa_Kibondo

Karibuni sana. Ila mjue nalipwa taslimu. Wazabuni wa shule za bweni nawafahamu, wengine walidai serikali mpaka wakauza magari. Hata mimi nikipewa hiyo kazi naweka bei ya kusubiri ndani ya kilo.

#41 Babu_wa_Urambo

Shamba la shule. Narudia. Ekari tano, wazazi wanalima siku mbili, hakuna NeST wala fuso.

#42 Mama_Wawili_Ujiji

Mzee, na jembe anashika nani? Watoto. Kipindi cha hisabati wako shambani, na wakivuna wanakula walimu. Hilo nalo tulilipitia.

#43 Babu_wa_Urambo

Tulisoma na tulilima, na hisabati tulijua.

#44 Dagaa_Mkavu

Mzee hesabu za Yanga hizo 😂

#45 NjiaPanda_Kasulu

Asanteni kwa michango. Jumamosi kijiji chetu kina mkutano na ajenda ya chakula cha shule imo. Mwl_Mstaafu, naomba ile hesabu ya gramu nikaiandike ubaoni. Nitapeleka pia hoja ya kukusanya Januari na ya funguo mbili. Nani amewahi kuona sheria ndogo ya kijiji ya mchango wa chakula iliyopita bila kukwama halmashauri? Nataka mfano wa maandishi yake.

#46 Mwl_Mstaafu_Heru

Andika, ruksa. Ila usianze na gramu, anza na mpishi. Muulize mwenyekiti mbele ya wote atalipwa na nani, muhtasari uandike jibu lake na saini yake. Bila hivyo mahindi yatakusanywa yakae.

#47 Kichwa_Ngumu

Na ukakute mwenyekiti ni shemeji.

#48 Binti_Isevya

#45 nina nakala ya muhtasari wetu wa ule msimu uliokwenda vizuri. Si sheria ndogo, ni makubaliano tu, lakini vipengele vya kaya na siku za shamba vimo. Angalia ujumbe wa faragha, nakutumia picha. Ukurasa wa tatu una doa la mafuta, usijali, ni majina tu.